Jina la Mji, Mkono wa Kiwanda: Historia ya Klabu ya Kandanda ya Kashima Antlers nchini Japani, 1947–2025

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Kashima Antlers, klabu ya kandanda ya kulipwa iliyoko katika Mkoa wa Ibaraki, mashariki mwa Japani, tangu ilipoundwa kama timu ya kampuni mwaka 1947 hadi ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 2025. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: ni kwa nini klabu ya mji mdogo, iliyoanza kama mali ya kiwanda cha chuma, imeendelea kudumu baada ya kiwanda hicho kuacha kuimiliki? Hoja inayojengwa ni kwamba uhai wa klabu hii ulitokana na kugawanywa kwa mzigo tangu mwanzo. Mkoa ulijenga uwanja, kampuni ikatoa fedha na watu, mji ukatoa jina, na ligi ikaweka masharti yaliyomzuia mshirika yeyote kuigeuza klabu kuwa mali yake peke yake. Makala yanaonyesha pia mipaka ya mafanikio hayo.

1.0 Utangulizi

Mwezi Machi 2025, kampuni ya Nippon Steel ilizima moja ya matanuru mawili ya kuyeyushia chuma katika kiwanda chake cha Kashima, kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Kashima Antlers, klabu iliyolelewa na kiwanda hicho kwa zaidi ya miaka arobaini, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Japani kwa mara ya tisa. Tukio la kwanza halikusababisha la pili. Hata hivyo, kutokea kwa yote mawili ndani ya mwaka mmoja kunadhihirisha jambo ambalo lingekuwa gumu kuaminika nusu karne iliyopita: mtoto amesimama imara wakati nguvu za mlezi wake zinapungua.

Jambo hilo si la kawaida. Timu nyingi duniani zinazoendeshwa na viwanda, majeshi, bandari au mashirika ya umma hung'ara kadiri mfuko wa mfadhili unavyoruhusu, na hutoweka pale bodi ya mfadhili inapoamua kubana matumizi. Mashabiki huachwa na kumbukumbu, wachezaji hutawanyika, na uwanja huota nyasi ndefu. Kwa watunga sera, kwa hiyo, taji la 2025 lina uzito mdogo kuliko miaka iliyolitangulia. Sehemu zinazofuata zinaifuatilia miaka hiyo kwa mpangilio wa wakati, kisha zinapima kile ambacho klabu imeweza na kile ambacho haikuweza kuufanyia mji wake.

2.0 Mchanga, Bandari na Chuma

Kabla ya miaka ya 1960, Kashima ilijulikana zaidi kwa hekalu lake, Kashima Jingu, mojawapo ya mahekalu makongwe ya dini ya Shinto nchini Japani. Swala wa jamii ya paa, wenye pembe zenye matawi, huhesabiwa kuwa wajumbe watakatifu wa hekalu hilo, na jina la Kashima lenyewe huandikwa kwa alama mbili zenye maana ya mnyama huyo na kisiwa. Eneo linalozunguka hekalu lilikuwa ukanda wa mchanga kati ya bahari na ziwa Kitaura. Wakazi wake waliishi kwa kilimo na uvuvi, na eneo zima lilihesabiwa kuwa miongoni mwa sehemu zilizobaki nyuma kimaendeleo, ingawa haliko mbali sana na Tokyo.

Hali hiyo ilibadilishwa na mpango wa serikali. Chini ya gavana Iwakami Niro, aliyeuongoza Mkoa wa Ibaraki kuanzia mwaka 1959 hadi 1975, uliandaliwa mradi wa kuchimba bandari ndani ya mchanga huo na kuizungushia viwanda. Ardhi ilipatikana kwa utaratibu uliojadiliwa sana baadaye: kwa jumla, mwenye shamba alitoa asilimia 40 ya ardhi yake kwa ajili ya mradi na kupewa ardhi mbadala iliyolingana na asilimia 60 iliyobaki. Kaulimbiu ya mradi ilikuwa kwamba kilimo na viwanda vingestawi pamoja. Bandari ilifunguliwa mwaka 1969, na kampuni ya Sumitomo Metal Industries ikajenga hapo kiwanda kikubwa cha chuma kilichoanza kuwasha matanuru yake mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Viwanda vilileta ajira na mapato. Vilileta pia moshi, malalamiko juu ya uchafuzi wa mazingira, na mgawanyiko wa kijamii. Wafanyakazi wengi walihamishwa kutoka viwanda vingine vya kampuni hiyo magharibi mwa nchi, wakaja na lafudhi zao na desturi zao. Wenyeji, ambao baadhi yao walikuwa wametoa mashamba, waliwatazama kama wageni. Mji ulikua haraka kwa idadi ya watu, lakini haukuwa na kitu cha kuwafanya watu hao wajione kuwa wa mahali pamoja. Kijana aliyemaliza shule alitamani Tokyo, na kampuni iliona ugumu wa kuwavuta na kuwabakiza vijana kiwandani.

Ni katika mazingira haya timu ya kandanda ilipofika. Timu ya Sumitomo Metal ilikuwa imeundwa Osaka mwaka 1947. Mwaka 1975 ilihamishiwa Kashima, kama mashine inavyohamishwa kutoka karakana moja hadi nyingine. Wachezaji walikuwa waajiriwa wa kampuni, wakigawa siku yao kati ya kazi na mazoezi. Katika ligi ya taifa ya wakati huo, iliyoanzishwa mwaka 1965 na kuzikusanya timu za kampuni, timu hiyo iliishi zaidi katika daraja la pili. Hakuna aliyeitaja miongoni mwa vigogo wa soka la Japani.

3.0 Masharti ya Ligi Mpya na Kamari ya Uwanja

Mwishoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Chama cha Soka cha Japani walikubaliana kwamba ligi ya timu za kampuni ilikuwa imefika ukingoni. Viwanja vilikuwa vitupu, na timu ya taifa ilikuwa haijawahi kufuzu Kombe la Dunia. Uamuzi wa kuunda ligi ya kulipwa ulifuatwa na masharti ambayo hayakuwa ya kimichezo tu. Kila klabu ilitakiwa kuwa kampuni inayojitegemea kisheria, kuwa na mji wa nyumbani unaotambulika, kuwa na timu za vijana, na kuwa na uwanja unaofaa. Jina la kampuni mama halikuruhusiwa kutawala jina la klabu.

Sharti la jina lilizua ubishi mkubwa. Kampuni ya magazeti ya Yomiuri, iliyomiliki timu maarufu kuliko zote, ilitaka jina lake liendelee kutajwa, kama ilivyo katika besiboli ya Japani, ambako timu nyingi hubeba majina ya wamiliki. Mwenyekiti wa kwanza wa ligi, Kawabuchi Saburo, alikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba shabiki wa mji hawezi kuitwa aipende kampuni ya mtu mwingine. Anaweza kuupenda mji wake.

Maombi ya Sumitomo Metal yalipowasilishwa, yalionekana kuwa dhaifu kuliko karibu yote. Timu ilikuwa ya daraja la pili na mji ulikuwa na wakazi takribani 45,000 tu. Kawabuchi aliwaambia wajumbe wa Kashima waziwazi kwamba uwezekano wa wao kukataliwa ulikuwa asilimia 99.9999. Walipoendelea kuuliza, aliwaeleza kwamba labda wangefikiriwa iwapo wangejenga uwanja wa kandanda pekee, wenye paa, unaochukua watu 15,000. Sharti hilo lilitolewa kama njia ya adabu ya kuwafungia mlango. Wajumbe walilichukua kama ufunguo.

Serikali ya Mkoa wa Ibaraki ilikubali kugharamia ujenzi. Uamuzi huo ndio kiini cha historia yote iliyofuata, na unastahili kutazamwa kwa makini. Uwanja wa viti 15,000 katika mji wa watu 45,000 una maana kwamba mkazi mmoja kati ya watatu angepaswa kuhudhuria ili ujae. Kwa hesabu ya kawaida ya mhasibu, huo haukuwa mradi wa busara. Mkoa, hata hivyo, ulikuwa na hesabu nyingine. Ulikuwa umetumia miaka thelathini kujenga bandari na viwanda, na ulikuwa umejifunza kwamba ajira peke yake haikuwa imeufanya mji upendwe na watu wake. Mwezi Mei 1993, takribani miaka miwili tangu uamuzi ulipofikiwa, uwanja wa Kashima ulikuwa tayari.

Klabu mpya iliundwa kama kampuni mwaka 1991. Sumitomo Metal ilishika hisa nyingi zaidi, lakini halmashauri za eneo hilo na kampuni nyingine za ukanda wa viwanda nazo ziliingia kama wanahisa. Jina la Antlers, lenye maana ya pembe za mnyama wa hekalu la Kashima, liliunganisha klabu na kumbukumbu iliyoutangulia moshi wa viwanda. Kwa kuchagua nembo hiyo, mhamiaji na mwenyeji walipewa alama ambayo haikuwa ya kampuni wala ya kijiji kimoja.

4.0 Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mwaka 1991 timu ilimsajili Zico, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea Brazil. Alikuwa na umri wa miaka 38, alikuwa amekwisha kuaga uwanja, na alikuwa ametumikia kama katibu wa michezo katika serikali ya nchi yake. Katika msimu wa 1991–92, uliokuwa wa mwisho wa ligi ya zamani, alicheza katika daraja la pili na kufunga mabao 21 katika michezo 22.

Mabao hayo yalikuwa sehemu ndogo ya alicholeta. Zico alikuta wachezaji waliozoea kuuona mchezo kama shughuli ya baada ya kazi. Aliwataka wautazame kama kazi yenyewe: vifaa, chakula, mapumziko, nyasi za uwanja wa mazoezi, na namna ya kupokea kushindwa. Mafundisho yake yalifupishwa baadaye na klabu katika maneno matatu, yaani kujitoa, uaminifu na heshima, ambayo yamebaki kuwa dira ya kila mchezaji anayesajiliwa. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Kashima, mgeni huyo aliwapa wenyeji utaratibu waliouendeleza wenyewe baada ya yeye kuacha kucheza mwaka 1994.

Tarehe 16 Mei 1993, katika mchezo wa kwanza wa klabu ndani ya ligi mpya, Kashima iliifunga Nagoya Grampus Eight mabao 5–0. Zico alifunga matatu na Mbrazili mwenzake Alcindo mawili. Nagoya ilikuwa timu iliyotokana na kampuni ya Toyota na ilikuwa na mshambuliaji wa Uingereza, Gary Lineker. Klabu ambayo ilikaribia kuachwa nje ilishinda hatua ya kwanza ya msimu huo, kisha ikapoteza fainali ya ubingwa mbele ya Verdy Kawasaki mwezi Januari 1994.

Athari ya ushindi huo katika utambulisho wa mji haikuchelewa kuonekana. Mwaka 1995, mji wa Kashima uliungana na kijiji cha Ono na kupandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa kuwa jiji jingine katika Mkoa wa Saga lilikuwa tayari likitumia jina hilo kwa maandishi yaleyale, jiji jipya lilichukua umbo la kale la alama ya kisiwa. Klabu ilibaki na maandishi ya awali. Hivyo jina moja linatamkwa kwa namna moja na kuandikwa kwa namna mbili, na kila shabiki anayeandika anajua ni lini anazungumzia jiji na ni lini anazungumzia klabu.

5.0 Mataji na Utaratibu Uliokuwa Nyuma Yake

Kashima Antlers ilitwaa ubingwa wa ligi katika miaka ya 1996, 1998, 2000, 2001, 2007, 2008, 2009, 2016 na 2025. Mwaka 2000, chini ya kocha Toninho Cerezo, ilikuwa klabu ya kwanza nchini humo kushinda ligi, Kombe la Ligi na Kombe la Mfalme katika mwaka mmoja. Mwaka 2007 ilishinda michezo yake tisa ya mwisho mfululizo na kuipiku Urawa Reds, klabu yenye mashabiki wengi zaidi nchini. Mwaka 2018 ilishinda Ligi ya Mabingwa ya Asia kwa kuifunga Persepolis ya Iran, na hilo likawa taji lake kubwa la 20. Miongoni mwa klabu kumi zilizoianzisha ligi, ni Kashima na Yokohama F. Marinos pekee ambazo hazijawahi kushuka daraja.

Nje ya Asia, klabu hii ilijulikana zaidi mwezi Desemba 2016 katika Kombe la Dunia la Klabu, iliposhiriki kama bingwa wa nchi mwenyeji. Ilianza kwa kuishinda Auckland City ya New Zealand, ikawaondoa mabingwa wa Afrika, Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, kwa mabao 2–0, na kuwafunga mabingwa wa Amerika Kusini, Atlético Nacional ya Kolombia, mabao 3–0. Katika fainali iliongoza kwa muda mbele ya Real Madrid kwa mabao mawili ya kiungo Shibasaki Gaku, kabla ya kushindwa 4–2 katika muda wa nyongeza.

Mataji haya hayawezi kuelezwa kwa utajiri. Zilikuwapo klabu zenye kampuni mama kubwa zaidi na miji mikubwa zaidi. Kilichoitofautisha Kashima ni uendelevu wa uongozi. Suzuki Mitsuru, aliyewahi kuichezea timu ya kampuni, alisimamia masuala ya kiufundi ya klabu tangu mwaka 1996 hadi 2021. Makocha kutoka Brazil walifuatana kwa miaka mingi, wakifundisha mfumo unaofanana, kiasi kwamba kuondoka kwa mmoja hakukumaanisha kuanza upya. Zico mwenyewe alirejea mwaka 2018 kama mkurugenzi wa ufundi. Hata kocha aliyeleta ubingwa wa 2025, Oniki Toru, alikuwa ameanza maisha yake ya uchezaji wa kulipwa hapohapo Kashima mwaka 1993.

6.0 Mitihani Minne

Nguvu ya muundo wowote hupimwa siku ya dhiki. Historia ya Kashima Antlers ina mitihani minne inayostahili kuchambuliwa.

Mtihani wa kwanza uliwapata wengine, lakini ulikuwa onyo kwa wote. Mwezi Oktoba 1998, wakati uchumi wa Japani ukiyumba, ilitangazwa kwamba klabu ya Yokohama Flügels ingeunganishwa na Yokohama Marinos. Mmoja wa wafadhili wake wawili, kampuni ya ujenzi ya Sato Kogyo, alikuwa amejiondoa, na mwingine, shirika la ndege la All Nippon Airways, hakuwa tayari kubeba mzigo peke yake. Wachezaji walishinda Kombe la Mfalme tarehe 1 Januari 1999, katika mchezo wa mwisho wa klabu hiyo. Mashabiki waliokataa muungano huo walianzisha klabu mpya, Yokohama FC. Funzo lilikuwa dhahiri: masharti ya ligi yalikuwa yamezuia majina ya kampuni kutawala majina ya klabu, lakini hayakuwa yameondoa utegemezi kwenye vitabu vya hesabu.

Mtihani wa pili ulikuja katika sura ya neema. Kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2002, uwanja wa Kashima ulipanuliwa hadi kuchukua watu takribani 40,000. Michezo mitatu ilichezwa hapo, ukiwamo ule wa tarehe 2 Juni ambapo Argentina iliishinda Nigeria 1–0. Mashindano yalipokwisha, mji mdogo ulibaki na uwanja mkubwa sana ukilinganishwa na idadi ya wakazi wake. Viwanja vya aina hii vimekuwa mzigo katika nchi nyingi zilizoandaa mashindano makubwa. Kashima ilijibu kwa kubadilisha matumizi. Tangu mwaka 2006, klabu imekabidhiwa na mkoa jukumu la kuuendesha uwanja, badala ya kuwa mpangaji wa siku ya mchezo tu. Ndani ya majengo yake kumewekwa ukumbi wa mazoezi ya afya kwa wakazi, na mwaka 2015 ikafunguliwa kliniki ya tiba ya michezo inayowahudumia pia wananchi wa kawaida. Mzee mwenye maumivu ya goti, ambaye hajawahi kununua tiketi, naye anapata sababu ya kuuhesabu uwanja kuwa wake.

Mtihani wa tatu ulikuwa tetemeko la ardhi na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Uwanja na bandari vilipata uharibifu, na klabu ililazimika kucheza michezo yake ya nyumbani ya Asia jijini Tokyo wakati matengenezo yakiendelea. Nahodha Ogasawara Mitsuo, mzaliwa wa Mkoa wa Iwate ulioathirika vibaya, alijitokeza kuwaongoza wachezaji wenye asili ya kaskazini mashariki katika juhudi za misaada. Katika miezi hiyo klabu ilifanya kazi ya chombo cha kijamii zaidi ya kazi ya burudani.

Mtihani wa nne ndio unaogusa moja kwa moja swali la makala haya. Mwaka 2012, Sumitomo Metal iliunganishwa na Nippon Steel, na jina la mlezi wa klabu likaanza kufifia. Tarehe 30 Julai 2019, Nippon Steel ilitangaza kuuza asilimia 61.6 ya hisa za klabu kwa Mercari, kampuni ya Tokyo iliyoanzishwa mwaka 2013 inayoendesha soko la mtandaoni la bidhaa zilizokwisha kutumika. Bei ilikuwa takribani yeni bilioni 1.6. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya wazi: kampuni inayouza chuma kwa viwanda vingine haina njia nyingi za kuikuza klabu inayoishi kwa kuhudumia umma.

Kinachostahili kuzingatiwa ni mambo ambayo hayakuuzwa. Jina halikuwa la kampuni, kwa hiyo halikuhitaji kubadilishwa. Uwanja ulikuwa wa mkoa, kwa hiyo mnunuzi hakuweza kuufunga wala kuugeuza. Halmashauri tano zinazohesabiwa kuwa nyumbani kwa klabu, yaani Kashima, Itako, Kamisu, Namegata na Hokota, ziliendelea kuwa wanahisa. Nippon Steel yenyewe ilibakiza sehemu ndogo ya hisa. Shabiki aliyeingia uwanjani wiki iliyofuata aliona rangi ileile nyekundu, wachezaji walewale na jina lilelile. Mwenye hisa nyingi alikuwa amebadilika, lakini klabu haikuwa imehama wala kufa.

7.0 Mipaka ya Mafanikio

Ni rahisi kuigeuza historia hii kuwa hadithi ya kupendeza. Ushahidi hauruhusu hivyo. Klabu ya kandanda huajiri watu wachache, ilhali tanuru la chuma hutegemewa na maelfu kupitia kiwanda, wakandarasi, wasafirishaji na wenye maduka. Hakuna idadi ya mataji inayoweza kuziba pengo la ajira linaloachwa na tanuru lililozimwa. Anayemshauri meya wa mji wa viwanda kwamba klabu itaokoa uchumi wake anampa ushauri mbaya.

Aidha, kukua kwa klabu kumezidi kutegemea watu wasioishi Kashima. Sehemu kubwa ya mashabiki husafiri kutoka maeneo mengine, ikiwamo Tokyo na viunga vyake, na kurudi makwao usiku uleule. Kituo cha reli kilicho karibu na uwanja kinaonyesha hali hii vizuri. Kilijengwa kama kituo cha mizigo kwa ajili ya ukanda wa viwanda, kikiitwa Kita-Kashima. Mwaka 1994 kikapewa jina la uwanja, na treni za abiria husimama hapo siku za mchezo tu. Siku nyingine jukwaa lake huwa kimya. Kununuliwa na kampuni ya Tokyo kumeongeza uwezekano kwamba, baada ya muda, maslahi ya wasafiri hao yatatangulizwa mbele ya maslahi ya wakazi. Hisa za halmashauri ni kinga, lakini ni kinga ndogo iwapo hazitaambatana na sauti inayosikika katika bodi.

Lipo pia suala la bahati. Mkoa wa Ibaraki ulijenga uwanja wakati fedha za umma zilikuwa nyingi na ligi mpya ilikuwa na msisimko wa pekee. Mji utakaoiga hatua hiyo leo bila ligi yenye masharti, bila kampuni iliyo tayari kulipa kwa miongo mitatu, na bila mwalimu wa kiwango cha Zico, unaweza kubaki na zege tu.

8.0 Hitimisho

Historia ya Kashima Antlers inaonyesha kwamba tofauti kati ya timu inayokufa na mfadhili wake na klabu inayoendelea kuishi huamuliwa mapema, katika nyaraka ambazo mashabiki wachache huzisoma. Huamuliwa pale inapokubaliwa jina ni la nani, uwanja ni wa nani, hisa zimegawanywaje, na nani anawajibika kuwalea vijana. Katika Kashima, maswali hayo yalijibiwa kati ya mwaka 1991 na 1993, wakati kampuni ya chuma ilipokuwa bado na nguvu na hakuna aliyefikiria kwamba ingeondoka. Yokohama Flügels ilikumbana na maswali hayohayo siku ambayo wafadhili walikuwa wamekwisha kuchoka, na majibu yakawa yamechelewa.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanajitokeza kwa wanaoshauri serikali na vyama vya michezo. Kwanza, klabu ipewe jina la mahali, kwa kuwa mahali hapafilisiki kama kampuni inavyofilisika. Pili, fedha za umma zielekezwe kwenye mali inayobaki kuwa ya umma, kama uwanja, na matumizi yake ya kila siku yapangwe kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Tatu, mfadhili akaribishwe, athaminiwe na atajwe kwa shukrani, lakini mkataba wake uandikwe kana kwamba siku moja ataondoka. Sumitomo Metal iliondoka baada ya kuijengea klabu misingi, na hakuna sababu ya kuiona hatua hiyo kama usaliti. Tanuru moja la Kashima limezimwa. Uwanja ambao mkoa ulikubali kuujenga bado unafunguliwa.